Chokaa ya Nyumba ya Remla

Wewe nyumba ya kwenu unajua imepakwa chokaa mara ngapi? Wengi hawajui, wala haiwasumbui. Rawda binti Bedri hakuwa na habari na kuta za nyumba aliyokuwa akiishi, lakini nyumba ya mdogo wake Remla, iliyo ng'ambo ya njia, aliijua vizuri. Ilikuwa imepakwa mara hamsini na tano tangu siku aliyotolewa mle ndani, kila mwaka mara moja, siku chache kabla ya Ramadhani. Rangi zake alizikumbuka zote kwa mfuatano, kijani, waridi, buluu, nyeupe, tena kijani, kwa sababu kila moja ilimchoma roho kwa namna yake. Buluu ndiyo iliyomchoma zaidi. Buluu ilimpendeza Remla hata usoni.

Njia yenyewe iko Harar, ndani ya ukuta wa mji wa kale, nyuma ya soko la viungo. Ni nyembamba kiasi kwamba punda mwenye mzigo wa kuni akipita, waendao kwa miguu huingia mlango wowote ulio karibu na kuwasalimia waliomo, watake wasitake.

Siku ya kwanza ya mwezi wa Rajabu, baada ya swala ya alasiri, Rawda alikuwa kizingitini akichagua dengu. Alikuwa ameshatoa vijiwe vitatu na mbegu moja ya magugu. Mbele yake chokaa ya kijani ya mwaka jana ikabanduka kwenye ukuta wa Remla. Haikumeguka vipande. Ilishuka yote pamoja kutoka juu hadi chini, kama utando wa maziwa ukivutwa na kijiko, ikajikunja pembeni mwa njia. Ikaonekana waridi ya mwaka juzi, mbichi, kama iliyopakwa asubuhi ile. Na katikati ya matabaka hayo mawili yakatoka maneno yaliyokuwa yamenaswa siku ya kupaka.

"Usiisahau pembe ile," ilisema sauti ya Remla. "Na ngazi mrudishie Tofik leo leo. Ana mdomo yule."

Remla mwenyewe alitoka nje, akaitazama chokaa iliyojikunja, akarudi ndani kuchukua ufagio.

"Nani mwenye mdomo?" Tofik fundi cherehani aliuliza kutoka dukani kwake, bila kuinua mguu kwenye mashine.

"Wewe," Rawda alimjibu. "Lakini ni maneno ya mwaka jana."

"Aa. Mwaka jana kweli nilisema sana," Tofik alisema, akaendelea kushona.

Kesho yake, saa ile ile, waridi ikashuka na maneno yake. Kesho kutwa ikafuata nyeupe. Ilipofika siku ya tano, njia nzima ilikuwa imeshajua kwamba ukuta wa Remla unasema mwaka mmoja kwa siku, ukirudi nyuma, na watu wakaanza kuja na mikeka. Waliketi wakiuelekea ukuta wa Remla, na kwa kuwa nafasi ni ndogo, waliegemea ukuta wa Rawda, wakauachia madoa ya migongo yao. Remla akapitisha kahawa ya majani ya mbuni yenye maziwa, katika vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo Rawda alikuwa hajawahi kutolewa.

Hapo ndipo moyo wa Rawda ulipoanza kuchemka. Kuta hizo mbili zilitazamana. Zilipigwa na jua lile lile, zilipakwa na fundi yule yule, kwa chokaa ya gunia moja. Kwa nini huu useme na huu unyamaze? Alfajiri, kabla hawajaamka watu, aliuosha ukuta wake kwa maji ya uvuguvugu. Siku nyingine aliupiga kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto acheue. Mwishowe akachukua kisu cha jikoni akaukwangua. Alipata vumbi la rangi tatu, akalishika mkononi muda mrefu. Halikusema kitu.

"Ay Rawda, ukuta wako una adabu," jirani yake Ikram alimwambia, kwa lile "Ay" wanalowaitia kina mama pale, alipomkuta na kisu. "Hautangazi ya watu."

"Una adabu kwa sababu hauna lolote ndani. Kila cha maana kilipelekwa ng'ambo."

"Wewe na ng'ambo! Hatua ngapi hizo? Si unavuka tu ukanywe kahawa?"

"Kikombe changu mimi ni kile chenye ufa. Nenda kaangalie."

Ikram alikwenda akaangalia, na kweli.

Siku ya kumi na saba ukuta ulimwumbua Remla. Sauti yake ya wakati ule, nyembamba kidogo, ilimwambia mumewe: "Dada usimwalike mapema, atakuja kutuhesabia vikapu vya pambo ukutani." Watu wote waliokuwa mikekani wakatazama ndani ya vikombe vyao.

"Vilikuwa arobaini na moja," Rawda alisema kutoka kizingitini.

"Thelathini na tisa," Remla alisema.

"Arobaini na moja. Viwili ulivificha nyuma ya mlango ili nisivione."

Remla alikusanya vikombe, ingawa wengine walikuwa hawajamaliza.

Wiki hiyo akaja mtu wa ofisi ya mambo ya kale, aliyevaa koti la kaki, na daftari. Njia ile ilikuwa iwekewe kibao cha historia, na yeye ndiye wa kuandika. Aliwekewa kiti mbele kabisa. Yaliposhuka matabaka ya miaka ya utawala wa askari, ukuta ulinong'ona, kwa kuwa miaka hiyo watu walipaka chokaa wakinong'ona, na ikabidi watoto wazibwe midomo ili watu wasikie. Mwaka wa amri ya kutotoka nje maneno yalikuwa mafupi: paka, haraka, ingia. Mtu wa ofisi aliandika kurasa nne. Watu wa ndani ya ukuta walipogombana juu ya jogoo, au mwanamke alipocheka hadi akakohoa, aliweka kalamu chini akapumzisha vidole.

Rawda yeye alikuwa akihesabu. Kulikuwa na siku moja aliyokuwa akiingoja, ya hamsini na tano, na hakumwambia mtu.

Alikuwa na miaka minane. Ilikuwa siku ya kupaka chokaa, na yeye ndiye aliyekuwa akibeba ndoo, nguo yake imerukiwa na matone hadi kifuani. Baba yake akamwachisha ndoo ile, akamwonyesha kwa kidole mlango wa ng'ambo, kwa Kimiya, binamu ya mama yake, asiyekuwa na mtoto. Akavuka, na basi. Kumpa mtoto ndugu aliyekosa ni jambo la kawaida pale, hakuna anayelilia, na Kimiya hakuwa mtu mbaya. Lakini nyumba ile ilikuwa na wasichana wawili, Rawda na Remla wa miaka mitano, na hakuna aliyewahi kusema kwa nini alikwenda yeye.

Tena mama yao, Nuriya, tangu siku hiyo hakuwahi kuingia kwa Kimiya. Walikutana njiani, kisimani, kwenye harusi za watu. Sikukuu Rawda alipelekwa kwa wazazi wake kama mgeni, akaketishwa kwenye baraza la ndani la wageni, chini karibu na mlango, huku Remla amejimwaga kwenye baraza la juu kati ya mito. Rawda alipoolewa, mama yake aliimba njiani. Alipojifungua, mama yake alisimama njiani chini ya dirisha, akapaza sauti kumwelekeza mkunga. "Mama yako ana kiburi," Kimiya alikuwa akisema, hata uzeeni, akitikisa kichwa. "Hatua mbili tatu tu, na haji." Rawda akakua akiamini hivyo: kwamba kwa Remla mama alikuwa mama, na kwake yeye alikuwa mpita njia.

Na nyumba pia. Aw Bedri, yaani mzee Bedri, baba yao, alikuwa akisema nyumba aliachiwa na baba yake. Alipokaribia kufa aliiandika yote kwa Remla. "Rawda ana kwao," alisema. Lakini Kimiya naye alipokufa, nyumba yake ilirithiwa na watoto wa kaka yake walioko Dire Dawa, kwa kuwa mtoto wa kulea harithi, na Rawda akaendelea kukaa mle kwa hisani yao. Kila mwaka mmoja wao alikuja na kupima vyumba kwa kamba, akanywa chai, akaondoka.

Siku ya thelathini na moja ikatoka ukutani sauti ya Nuriya, aliyekufa kabla tu chokaa ya mwaka uliofuata haijapakwa. Rawda aliitambua kabla haijamaliza neno.

"Kimiya amesema?" iliuliza.

"Hajasema," sauti ya Bedri ikajibu.

Siku ya thelathini na mbili: "Kimiya amesema?" "Hajasema." Ya thelathini na tatu hivyo hivyo, katikati ya maneno mengine ya ndoo na brashi. Siku nyingine sauti iliuliza kwa haraka, siku nyingine kama mtu anayeuliza habari ya mvua. Watu mikekani wakaanza kulisubiri swali lile na kulijibu wao wenyewe, "Hajasema!", na kucheka.

"Ni kinu," alisema Tofik. "Walimwazima Kimiya kinu, akakaa nacho."

"Kinu miaka ishirini?" Ikram alisema. "Huyo alikuwa akingoja posa. Labda walimtakia Remla mchumba."

Remla alicheka, akajitengeneza shela. Rawda hakucheka. Alikuwa akimsikia mama yake kila alasiri, ndiyo, lakini kutoka kwenye ukuta wa Remla, na aliyepewa pole na watu kwa kumsikia mama yake alikuwa Remla.

Siku ya arobaini na tisa, Rawda alivuka. Hakuketi.

"Mdogo wangu, chokaa unapaka lini?"

"Kesho. Jemal fundi keshanunua rangi. Safari hii manjano."

"Mwambie angoje. Siku sita tu, kisha apake."

"Za nini?"

Rawda alipitisha kiganja ukutani.

"Unajua nini, dada?" Remla alisema. "Wewe unangoja ukuta uniaibishe tena. Umeshafaidi ya vikapu, sasa unataka lingine. Ramadhani haingoji ukuta. Na ukuta ni wangu, hati ina jina langu."

"Najua ina jina lako. Nilikuwepo ikisomwa. Nilikaa karibu na mlango."

Kesho yake asubuhi Jemal fundi wa chokaa alipofika na ndoo mbili, alimkuta Rawda ameweka kigoda chini ya ukuta wa Remla, ameuegemea kwa mgongo na kisogo, na ungo wa dengu mapajani.

"Ay Rawda, shikamoo. Nataka kupaka hapo."

"Marahaba. Paka."

Jemal alimwangalia Remla. Remla alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Mzungukie!" Remla alisema. "Tuone atakaa mpaka lini."

Jemal akamzungukia. Alikuwa fundi mzuri, hakumdondoshea hata tone. Adhuhuri ukuta wote ulikuwa manjano, ila mahali alipokaa Rawda. Alipoinuka magharibi kwenda kuswali, palibaki ukutani umbo la mwanamke aliyeketi, kichwa, mabega na mgongo, la buluu iliyofifia. Nje ya umbo hilo ukuta ulinyamaza na haukubanduka tena. Ndani ya umbo uliendelea. Kila alasiri likashuka tabaka lenye ukubwa wa sinia, na sauti zilizotoka zilikuwa ndogo kama za watu walio chumba cha tatu, hata ikabidi mtu aweke sikio. Kila asubuhi Rawda alirudi na kigoda chake akakaa palepale, asije mtu akapaziba.

Watu walikunja mikeka. Mtu wa ofisi aliinama mara moja, akasikia habari ya brashi iliyopotea, akajinyoosha.

"Inatosha, mama. Tumeshapata ya kutosha."

"Imebaki miaka minne tu."

"Miaka hiyo naijua. Haikuwa na kitu." Akaandika mbele yake, kwa mwandiko mzuri, mwaka mmoja chini ya mwingine: hakuna tukio, hakuna tukio. Kibao kililetwa baadaye, Ramadhani ikiwa na siku kumi. Kilitaja maamiri wawili na vita moja, kikapigiliwa misumari minne.

Siku ya hamsini na tano Rawda alikula mchana kidogo tu, mchuzi wa uwatu na kipande cha mkate wa injera, akavuka mapema. Remla alitoka na ufagio. Alifagia mahali palipokuwa safi. Akafagia tena.

"Leo ndiyo leo?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Ni ile siku ya ndoo."

Rawda akageuka. "Unaikumbuka?"

"Nakumbuka nililia kwa sababu ndoo nilipewa mimi, na ilikuwa nzito." Akaegemeza ufagio mlangoni, akaketi chini upande wa pili wa umbo, akaweka sikio karibu na bega lake moja. Rawda akaweka lake kwenye bega lingine. Nyuso zao zilikaribiana kuliko zilivyokaribiana miaka mingi, na kila mmoja akaona mwenzake amezeeka.

Tabaka likashuka mikononi mwao. Kwanza ilisikika ndoo ikiburuzwa. Kisha sauti ya Kimiya, ya ujana, yenye kukata maneno.

"Nyumba hii iwe yenu, Bedri. Leo leo naandika kwa kadhi. Mtoto nipe."

"Yupi?" Bedri aliuliza.

"Mkubwa. Huyo mdogo bado anakojoa kitandani."

Brashi ikapita ukutani mara tatu, taratibu.

"Na wewe Nuriya," Kimiya alisema, "usikanyage kizingiti changu mpaka nikwambie. Akikuona mle ndani hatatulia kwangu."

"Mpaka lini?" Ilikuwa sauti ya mama.

"Nitakwambia."

"Utaniambia kweli?"

"Si nimesema nitakwambia? Nawe!"

Kisha ikatoka sauti ya mtoto, safi, isiyo na wasiwasi wowote. "Ndoo niiweke wapi?"

"Iache hapo," baba alisema.

Basi. Chini yake palikuwa peupe, na peupe pakanyamaza. Dada hao wawili walikaa na masikio yao ukutani kwa muda, labda kuna neno limechelewa. Halikutoka.

Remla ndiye aliyeanza kujiondoa. Alipangusa vumbi la chokaa shavuni.

"Mimi nilikuwa na miaka mitano, dada. Nilikuwa nakojoa kitandani."

"Tumesikia."

"Alisahau," Remla alisema. "Kimiya. Hakukataa. Alisahau tu kumwambia."

"Na mama akangoja."

"Mama alikuwa mtu wa kushika neno."

Kutoka dukani kwa Tofik cherehani ilikimbia, ikasimama, ikakimbia. Remla alianza kusema jambo akaliacha, kisha akalisema kwa haraka, kama mtu anayetema kokwa.

"Nyumba siwezi kukugawia. Usinitazame hivyo. Hati ina jina langu, wanangu wanajua ni yao, binti yangu Jamila keshaanza kujenga jiko juu. Najua sasa imepatikanaje, lakini siwezi."

"Sijaomba."

"Huombi! Miaka hamsini na tano umekaa pale unaitazama. Nikipaka waridi unanuna, nikipaka buluu unaumwa kichwa. Nikinunua kikapu unakijua bei kabla ya mume wangu. Mimi hutoka mlangoni mwangu kama mwizi, dada, kwa ajili ya macho yako. Sasa niambie, kama si nyumba, ulikuwa ukitaka nini?"

Rawda aliitazama nyumba ya manjano. Kwa kweli ilikuwa imependeza, na ilimchoma, kama ilivyomchoma kila mwaka. Punda mwenye kuni akaingia njiani, mwenyewe akipiga mbinja, na wote wawili wakajibana ukutani, bega kwa bega, hadi akapita.

"Nilitaka mama avuke aje kunichana nywele," Rawda alisema. "Mama Kimiya alikuwa akivuta sana."